Shubiri Moja ya Udongo Mweusi

Awaji, 3 Desemba 1955

Dada Kinue,

Huku baridi imeshaingia hadi kwenye maji ya kunawa uso, lakini sote wazima. Hisano amemaliza kuhifadhi figili, na mwaka huu kazitia chumvi utadhani anaua konokono. Mimi nakula kimya kimya kwa kuwa ndiye mke niliye naye. Michiyo ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila siku anauliza shangazi yake atashuka lini kutoka hospitali ya milimani. Ng'ombe hajambo. Na kifua chako je? Uliandika kwamba homa imepungua, tukafurahi sana.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuomba ulisome hadi mwisho kabla hujakunja uso. Ni lile jaruba letu la juu. Unajua kilio chake ni kimoja tu, maji. Limeinuka kuliko mfereji kwa kimo cha goti na zaidi, na kila Juni nawapigia magoti majirani wanifungulie, kisha nakanyaga gurudumu la kupandisha maji mpaka miguu inakufa ganzi. Sasa Bwana Nagatomi, mwenye tanuri la vigae kule bondeni, amechimbachimba ukingoni akakuta chini yake kuna udongo mzuri wa kufinyangia vigae. Anataka kuutoa, kina cha futi mbili. Ule udongo mweusi wa mama utaondolewa kwanza, utarundikwa pembeni, na wakimaliza watautandaza tena juu. Jaruba litashuka, na maji yataingia yenyewe.

Shamba ni lako, limeandikwa kwa jina lako, mimi nimeshika zamu tu. Basi sema neno. Ila wachimbaji wanaanza mara baada ya mwaka mpya, na mzee huyo anataka jibu kabla ya hapo.

Mdogo wako,
Tamotsu


Awaji, 29 Desemba 1955

Dada,

Sijapata jibu. Labda posta imezidiwa na kadi za mwaka mpya. Jana tulitwanga mochi za mchele, Michiyo akala tano akalala kama gunia. Tumekutumia kidogo, umwombe muuguzi akuchomee.

Bwana Nagatomi amepita leo mara ya pili. Nimemwambia asubiri, naye anasema mwisho wake ni tarehe saba. Ukipata hii, niandikie hata mstari mmoja.

Tamotsu


Hospitali ya milimani, 21 Januari 1956

Tamotsu, mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Usishangae mwandiko. Nilipata mafua yaliyozidi kiasi na wakanikataza kalamu kwa siku kadhaa. Sasa sijambo. Mochi ziliota ukungu kabla sijazila, lakini usimwambie Hisano. Mwambie Michiyo ayatupe meno yake vizuri: ya juu chini ya sakafu, ya chini juu ya paa.

Kuhusu jaruba, jibu langu ni hapana.

Ulikuwa mdogo, kisha ukakimbilia bandarini Kobe ukiapa hutagusa matope tena, ndiyo maana mama akaandikisha shamba kwa jina langu. Sikulaumu. Lakini kuna mambo hukuyaona. Mama alilikodi jaruba lile mwaka uliozaliwa wewe, likiwa na rangi ya majivu, na mwenye ardhi alimcheka. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba kinachotoka shambani ni punje peke yake. Mabua yalirudi, mengine kupitia tumbo la ng'ombe. Pumba zilirudi. Alizirundika kuzunguka bomba la bati lenye moto ndani, akakaa hapo kutwa na kopo la maji ili ziungue ziwe makaa, zisigeuke majivu. Kila vuli alimwaga mbegu za renge, ule mmea wa kurutubisha udongo, katikati ya mpunga uliosimama, na majira ya maua yakifika jaruba lote lilikuwa jekundu, akalilima na maua yake. Alifanya hivyo karibu miaka thelathini. Chimba popote pale utakuta shubiri moja ya udongo mweusi, na chini yake kijivu kisichoota hata magugu. Mama alikuwa akiupima kwa mkono wake kila mwaka, na mwaka aliokufa ulikuwa umefika ncha ya kidole chake kidogo.

Watu wa vigae wote wanaahidi. Tazama jaruba la mjomba Sakuzo. Udongo wake nao uliwekwa pembeni, mvua ikaupiga, ukarudi nusu. Huu ni mwaka wa saba na mpunga wake umesimama mmoja mmoja kama nywele za mzee.

Hapa tunalazwa barazani mchana kutwa tukimeza hewa baridi. Mimi nalipitia jaruba lile kichwani, kona kwa kona, mpaka napata usingizi. Ndilo ninalolirudia. Mwambie mzee huyo akachimbe kwake.

Dada yako,
Kinue


Awaji, 4 Februari 1956

Dada,

Barua imefika. Pole kwa mafua, ujifunike vizuri. Huku theluji ilianguka siku mbili, jambo ambalo Michiyo hajawahi kuliona, akaijaza ndoo na kuificha kabatini. Ameng'oka jino la tatu, tumelitupa kama ulivyosema. Ng'ombe ana mimba. Kikundi cha mchezo wa wanasesere kilikuja kucheza uwanja wa hekalu, Hisano akalia kama kawaida yake hata sehemu za kuchekesha.

Habari za shamba usiwe na wasiwasi nazo. Wewe pona tu.

Tamotsu


Hospitali ya milimani, 3 Machi 1956

Tamotsu,

Nashukuru kwa habari. Barua yako ina ng'ombe, ina theluji, ina wanasesere, ina hata jino la tatu. Jaruba halimo. Renge imefika kimo gani? Pumba umezichoma? Bwana Nagatomi alisemaje ulipomkatalia? Hasira za mzee yule nazijua, haiwezekani akanyamaza.

Nina ombi dogo. Muuguzi wetu, mtu mwema sana, amenipa bakuli lililopasuka mdomo na kuniruhusu kuliweka dirishani. Nichotee udongo wa jaruba la juu, wa katikati, si wa ukingoni, konzi mbili tu, uufunge kwenye kitambaa. Utaniona nimerudi utotoni, nacheza matope. Na iwe hivyo.

Kinue


Awaji, 20 Machi 1956

Dada,

Udongo huu hapa. Nimechota katikati kama ulivyoagiza. Hisano amekuwekea na plamu za chumvi. Tuko salama, kazi ni nyingi, nitaandika nikipata nafasi.

Tamotsu


Hospitali ya milimani, 2 Aprili 1956

Tamotsu,

Plamu ni nzuri, mshukuru mkeo.

Udongo ulionitumia nimeutia kwenye bakuli la maji nikaukoroga. Udongo wa mama ukiukoroga, vipande vidogo vyeusi vya makaa ya pumba vinaelea juu, vingi. Michiyo angeweza kuvihesabu mpaka achoke. Katika huu wako hakikuelea kitu, isipokuwa ganda la yai. Tangu lini tunatupa maganda ya mayai jarubani?

Ni udongo wa bustani ya Hisano. Kwa nini mtu atembee hatua kumi nyuma ya nyumba akachote udongo wa mboga, amtumie mgonjwa, amwambie ni wa shambani? Nimekaa na swali hili siku nne, na homa imenirudia. Niandikie ukweli, na usinisalimie kwanza.

Kinue


Awaji, 19 Aprili 1956

Dada,

Walichimba.

Tarehe saba ilifika bila neno lako. Watu husema kunyamaza ni kukubali, nami nikajiambia hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka kusikia. Walianza tarehe nane. Barua yako ya kukataa ilifika ishirini na sita. Mtu wa posta alinipa mkononi nikiwa nimesimama ukingoni mwa shimo, na shimo lilikuwa kiunoni. Niliisoma palepale. Ningeweza kuwasimamisha, au angalau kusimamia lile rundo la udongo mweusi usiku na mchana. Nilikunja barua nikaenda kunywa chai, kwa kuwa sikuweza kulitazama.

Februari mvua ilipiga siku tatu. Rundo lilikuwa upande wa mteremko, nusu ikaporomokea mferejini. Nyingine wafanyakazi waliitupia kwenye njia ya mikokoteni ili magurudumu yasizame, wakaikanyaga mwezi mzima. Nilipowafokea, msimamizi wao aliniuliza kama udongo si udongo tu. Kilichorudi juu ni unene wa vidole vitatu, tena umechanganyika na kijivu.

Hisano aliniambia tangu mwanzo, "Mwambie. Dada yako anaumwa kifua, haumwi akili." Sikumsikiliza. Niliogopa kwamba habari hii itakuua, na zaidi ya hapo niliogopa utakaponitazama. Haya yote mawili ni kweli, na la pili ndilo lilikuwa kubwa.

Tangu mama afe nimelishika shamba lile kama mtu aliyeachiwa mwavuli wa mwenzake. Anaangalia usiibiwe, hafungui kutazama kama unavuja.

Nisamehe kama unaweza.

Tamotsu


Awaji, 8 Julai 1956

Dada,

Huu ni mwezi wa tatu hujaandika. Muuguzi amemjibu Hisano kwamba unakula, basi tumejua uko hai. Mimi naandika hivyo hivyo.

Nilitaka kurudisha kwa msimu mmoja alichokiweka mama. Mwezi wa sita nilifyeka renge ya jaruba la chini ambayo nilikuwa nimeiacha ikomae, nikafyeka nyasi za kila ukingo kijijini, nikaongeza mabua yote ya ghalani na samadi yote ya zizini. Ilijaa mikokoteni kumi na mmoja. Nilivizika vyote vibichi kwa siku moja. Na kwa kuwa sasa maji yanaingia kwa kufungua ubao tu, nikafungua jioni ileile. Siku tatu baadaye tukapandikiza.

Wiki ya pili jaruba likaanza kutoa mapovu. Ukikanyaga, linacheua. Harufu yake inafika hadi barabarani, na mzee Ukichi jirani amesimama ukingoni ameshika pua akasema, "Tamotsu, hili si jaruba tena, hili ni tumbo la mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja." Watu wamecheka, hata mimi nilicheka. Kisha niling'oa mche mmoja. Mizizi ni myeusi yote na inanuka yai bovu. Majani yana rangi ya chai iliyopoa, na miche mingine imeng'oka yenyewe inaelea.

Kila mtu hapa ana ushauri wake. Mmoja anasema nimwage mbolea ya dukani, mwingine anasema ningoje. Sijui nifanye nini. Mama ningemuuliza, hayupo. Wewe upo na hunijibu. Nitukane, lakini niambie.

Tamotsu


Hospitali ya milimani, 14 Julai 1956

Tamotsu,

Toa maji yote leo, usisubiri kesho. Acha jaruba lipumue mpaka uso wake uanze kupasuka nyufa nyembamba kama uzi, ndipo urudishe maji kidogo, uyatoe tena. Fanya hivyo mara tatu. Mbolea ya dukani usiweke sasa, mizizi haina kinywa cha kulia. Utakachookoa utaokoa.

Kitu kibichi ukikizika na kukifunika maji siku hiyohiyo, kinaoza bila hewa na kuichoma mizizi. Renge inafyekwa ikiwa na maua, inaachwa juani mpaka inyauke, ndipo inalimwa, na maji yanangoja siku kumi. Mabua yanatandazwa na kulimwa mara baada ya mavuno, ardhi ikiwa bado na joto, yapate vuli na baridi nzima ya kuoza. Mama hakuwahi kuweka vingi kwa mpigo. Aliweka kidogo, na hakuruka mwaka hata mmoja. Udongo haunenepeshwi kama bata.

Sasa na mimi niseme langu. Januari sikuwa na mafua. Tarehe sita Desemba walinipasua, wakanitoa mbavu tano ili pafu bovu lilale. Barua zako mbili zilikaa chini ya mto mpaka katikati ya Januari, sikuwa na nguvu ya kugeuza shingo. Nilikuficha ili usiache kazi ukaja kunililia hapa. Kama ningemwambia muuguzi akuandikie mstari mmoja, ungejua kwamba kunyamaza kwangu ni kwa mgonjwa na si kukubali. Hilo nimelitafuna miezi hii mitatu. Nilikuwa na hasira na wewe, na kila nilipoifuata hasira hiyo nilijikuta nami nimo ndani yake, basi sikuweza kuandika.

Hasira haijaisha. Usiniombe iishe. Ile shubiri ilikuwa ndiyo mama aliyebaki, na umeiacha ikakanyagwa na mikokoteni.

Toa maji.

Kinue


Awaji, 18 Novemba 1956

Dada,

Sote wazima. Ng'ombe amezaa jike, Michiyo amempa jina la mwalimu wake na tumeshindwa kumbadilisha mawazo. Tuliposoma habari ya mbavu, Hisano aliondoka mezani, na mimi nilikwenda zizini nikakaa na ng'ombe.

Tumevuna. Jaruba la juu limetoa magunia mawili na nusu, pale mama alipotoa saba. Nimefanya yote kama ulivyosema. Renge niliimwaga kabla ya mavuno, imeota, ingawa kwenye mabaka ya kijivu imeota kwa kununa. Mabua nimeyakatakata na kuyalima wiki ileile. Pumba nimezichoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kunywa chai, nikarudi nikakuta majivu meupe. Mara ya pili nilikaa hapo tangu asubuhi, mgongo ukaniuma na macho yakavimba kwa moshi, nikapata makaa mazuri meusi yanayolia ukiyashika. Nilipoyatandaza hayakufunika hata robo ya jaruba. Ndipo nilipopiga hesabu ya miaka.

Kuna jambo jingine. Rafiki yangu wa Kobe ameniandikia kwamba kuna nafasi bandarini, na nyumba ya kukaa. Sijamjibu. Hisano anasema anafuata nitakalosema. Kusema kweli, mara nyingine nikisimama pale juu najiona kama mtu anayeosha vyombo vya karamu ambayo hakualikwa. Shamba ni lako, na kosa ni langu. Nitalitengeneza kadiri niwezavyo hadi urudi nikukabidhi, kisha nione la kufanya.

Utarudi lini? Daktari amesemaje? Mara zote mbili nilizouliza, Septemba na Oktoba, hukujibu.

Tamotsu


Hospitali ya milimani, 9 Desemba 1956

Tamotsu, mdogo wangu,

Baridi ya huku imeganda hadi kwenye mitungi ya maua, lakini tumeongezewa blanketi. Hongera kwa ndama. Mwambie Michiyo kwamba mwalimu akijua, yeye asikiri.

Daktari amesema. Nilimuuliza mwezi wa Agosti, akanijibu waziwazi kwa kuwa nilimtaka aseme waziwazi. Nikitoka hapa, na anasema kuna siku nitatoka, sitainua kitu kizito kuliko birika la chai. Bega la kushoto limeshuka, mkono haupandi juu ya kidevu. Nimejaribu kwa siri kuinua ndoo ya mfagiaji, nikaanguka nayo, wakanifokea. Jembe, mkokoteni, miche, hayo yote yamekwisha kwangu. Sikukujibu kwa sababu nikishaandika linakuwa kweli. Sasa nimeliandika.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale unaposema utalitengeneza hadi unikabidhi. Nakujua. Utafanya mwaka mmoja, utafanya wa pili kwa aibu, na wa tatu utakwenda Kobe. Wala sitakulaumu, hakuna mtu anayekaa miaka thelathini kwenye moshi wa pumba kwa ajili ya shamba la mwenzake. Mama mwenyewe, nakumbuka, alipokuwa amekodi alikuwa akilisha udongo kwa mkono mmoja na mwingine ukiogopa. Siku alipoandikiwa kuwa ni lake, serikali ilipowagawia wakulima ardhi baada ya vita, alirudi nyumbani, akachukua toroli na kwenda kupeleka samadi, na ilikuwa sikukuu.

Kwa hiyo nimeandika karatasi ya kukupa jaruba la juu na la chini, na nimeigonga muhuri wangu. Nilirudia mara tatu, na wa tatu ndio unaosomeka. Ipeleke kwa kamati ya mashamba. Sijakupa kwa kuwa nimekusamehe, hilo bado linatafuta njia yake. Wala sijakupa kama adhabu. Mimi nina miaka arobaini na miwili na mbavu pungufu. Wewe una thelathini na moja, mgongo mzima, na mtoto wa kike atakayeweza kusimama mle akiwa mtu mzima. Miaka thelathini unayo.

Nililia sana kabla ya kuandika hii, nakuambia ili usidhani ilikuwa rahisi. Usiku wa kwanza baada ya kugonga muhuri nilifumba macho nikajaribu kulipitia jaruba kona kwa kona kama nilivyozoea, nikasita ukingoni kama mgeni.

Ukienda Kobe, liuze kwa mtu mwenye ng'ombe. Ukibaki, lifanye utakavyo moyo wako. Kuanzia sasa ukitaka kuamua jambo la shamba, usisubiri barua yangu.

Dada yako,
Kinue